Kutoka Kusomewa Hadi Kujisomea: Safari ya Wasioona Mpaka Kwenye Kompyuta

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Walimu wa vikundi, tafadhalini hakikisheni ya kuwa kila kikundi kina nakala ya somo hili. Tena wekeni tayari vitu viwili: punje sita za mahindi kwa kila watu wawili, na simu moja ndogo ya vitufe. Tutavitumia baadaye.

Leo tutazungumza juu ya wanafunzi wasioona walioko katika vyuo vikuu, na jinsi wanavyojifunza kutumia kompyuta. Najua mmoja wenu atauliza: "Kompyuta ina kioo, na kioo ni cha kutazamwa. Asiyeona atakitazamaje?" Swali hilo ni zuri, na jibu lipo. Lakini ili tulielewe jibu, yatupasa turudi nyuma kidogo. Kompyuta haikuwa mwanzo wa safari hii. Safari ilianza zaidi ya miaka 200 iliyopita, nayo ni safari ya kutoka kusomewa hadi kujisomea.

Barua ya kusomewa

Ninyi mnaojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnajua maana ya kusomewa kuliko profesa yeyote. Zamani vijana wengi wa nchi yetu walikwenda kufanya kazi mbali, wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine kwenye migodi ya kusini mwa Afrika. Barua zao zilipofika nyumbani, mke au mzazi aliyezipokea alimtafuta mwalimu, au katekista, au mtoto wa shule, amsomee. Basi barua ikasomwa mbele ya watu. Habari ya fedha ikajulikana, habari ya ugonjwa ikajulikana, hata ugomvi wa mume na mke ukajulikana. Na kama msomaji aliruka maneno mawili, au akaongeza la kwake, mwenye barua hakuwa na njia ya kujua.

Tazameni sasa. Mtu anayesomewa hupata hasara tatu. Kwanza, hana siri. Pili, hana hakika ya yale anayoambiwa. Tatu, hana wakati wake mwenyewe, maana lazima amngoje msomaji apate nafasi. Shikeni maneno hayo matatu: siri, hakika na wakati. Tutayarudia katika somo zima, kwa sababu ndiyo mambo ambayo wasioona wamekuwa wakiyatafuta muda wote huu.

Kwa nini watu hupoteza macho

Kabla ya kuendelea, tuseme machache juu ya ugonjwa. Katika mkoa wetu wa Ruvuma umekuwapo ugonjwa wa usubi. Mdudu mwenyewe ni inzi mdogo mweusi anayezaliana penye mito iendayo kasi. Akimwuma mtu humtia minyoo midogo mwilini. Minyoo hiyo huleta muwasho mkali wa ngozi, na ikifika machoni inaweza kumpofusha mtu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kuitoa dawa yake, Mectizan, bila malipo kwa nchi zenye ugonjwa huo. Kwa hiyo wagawaji wa dawa wakija kijijini, msiwakimbie.

Yako na mengine: vikope, surua kwa watoto, upungufu wa vitamini A, na mtoto wa jicho. Huyu wa mwisho huweza kuondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akaona tena. Lakini wako ambao macho yao hayatarudi, na wako waliozaliwa hivyo. Hao ndio tunaowazungumzia leo. Wengine hawaoni kabisa, na wengine wana uoni hafifu, yaani wanaona kidogo.

Nukta sita

Mwaka 1785 Mfaransa mmoja, Valentin Haüy, alifungua shule ya watoto wasioona mjini Paris. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za kawaida, ila zimebonyezwa katika karatasi nene hata zikainuka juu, na mtoto akazipapasa kwa vidole. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini vitabu hivyo vilikuwa vikubwa na vizito, na kuvisoma kulikwenda polepole sana. Tena mtoto aliweza kusoma tu, kuandika hakuweza.

Katika shule hiyo aliingia mvulana jina lake Louis Braille. Alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na umri wa miaka 3 alichezea msumari wa fundi, ule wenye ncha kali wa kutobolea ngozi, ukamchoma jicho. Jicho likaoza, na ubaya ukaenea mpaka jicho la pili. Akawa haoni kabisa.

Huko shuleni alisikia habari za mwandiko uliobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyekuwa askari. Mwandiko huo ulikuwa wa nukta zilizoinuka, uwezao kusomwa gizani. Lakini kila alama ilikuwa na nafasi za nukta 12, na kidole hakiwezi kuzigusa zote kwa mara moja. Louis akazipunguza zikawa 6. Alipofika umri wa miaka 15 kazi yake ilikuwa karibu kukamilika, na mwaka 1829 kitabu cha kueleza mwandiko huo kikachapishwa. Alifariki mwaka 1852. Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, Ufaransa iliukubali rasmi mwandiko wake. Sisi kwa Kiswahili tunauita maandishi ya nukta nundu.

Sasa chukueni punje zenu za mahindi. Zipangeni mistari miwili iliyosimama, kila mmoja wa punje tatu. Mstari wa kushoto, toka juu kwenda chini, ni namba 1, 2 na 3. Mstari wa kulia ni namba 4, 5 na 6. Hiyo ndiyo nyumba ya nukta nundu. Ondoeni punje zote, mbakize ya namba 1 peke yake. Hiyo ni herufi a. Mkiongeza ya namba 2 mnapata b. Basi neno "baba" huandikwaje? Ni nyumba nne: 1 na 2, kisha 1, kisha 1 na 2, kisha 1. Fumbeni macho, mkazipapase.

Yako maumbo 63 yanayoweza kupatikana kwa nukta hizo sita, nayo yanatosha herufi zote, tarakimu na alama za kuandikia, hata muziki. Herufi w, ambayo Waswahili tunaitumia kila siku, haikuwamo katika mpango wa kwanza, kwa maana Kifaransa hakikuihitaji. Iliongezwa baadaye, na kwa hiyo umbo lake haliufuati utaratibu wa wenzake.

Na tazameni jambo jingine. Chombo cha kuandikia nukta hizi kwa mkono ni kijiti chenye ncha ya chuma, kinachofanana sana na ule msumari wa fundi wa ngozi uliompofusha Braille. Mwandishi huzitoboa nukta kwa nyuma ya karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mara ya kwanza asiyeona aliweza kuandika neno, akalirudia mwenyewe kesho yake. Siri yake ikawa salama, na hakika akawa nayo.

Shule za Afrika ya Mashariki

Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya kuwafundisha wasioona huko Thika mwaka 1946, mara baada ya vita kuu ya pili. Katika nchi yetu, shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1950 na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, Dodoma. Mwaka huohuo, mjini London, John Wilson alianzisha chama cha kuwasaidia wasioona katika makoloni ya Uingereza, ambacho leo kinaitwa Sightsavers. Wilson mwenyewe alikuwa haoni. Alipoteza macho akiwa mvulana wa miaka 12, katika ajali ya somo la kemia shuleni. Mwaka 1963 Walutheri walifungua shule ya Irente, karibu na Lushoto. Na mwaka 1966, katika shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, wasioona walianza kusoma pamoja na wenzao wanaoona.

Hebu fikirini ramani ya Tanzania. Dodoma iko katikati ya nchi, Lushoto iko kaskazini mashariki, Dar es Salaam iko pwani. Mtoto asiyeona wa Liuli au wa Maguu angepelekwaje huko? Kulikuwa na siku nyingi za safari, kwa miguu, kwa meli ya ziwani, kwa lori na kwa treni. Wazazi wengi hawakujua hata kama shule hizo zipo. Kwa hiyo watoto wengi walibaki uani, wakipukuchua mahindi na kusikiliza wenzao wakienda shule. Ubongo wao ulikuwa mzima. Njia tu ndiyo iliyokuwa haipo.

Mwaka 1951 mashine ya kuandikia nukta nundu, iitwayo Perkins, ilianza kuuzwa. Iliundwa na David Abraham katika shule ya Perkins huko Marekani. Ina vitufe sita tu vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta, pamoja na kitufe cha kuachia nafasi. Mwandishi hubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja, na herufi nzima hutokea mara moja. Mashine hii ni ngumu kama jiwe, nayo imekuwa ikitumika katika shule za Tanzania miaka mingi. Ikumbukeni, maana vidole vilivyoizoea mashine ya Perkins havitaiogopa kompyuta.

Chuo kikuu na msomaji

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi wasioona nao wakaanza kupokelewa. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini chuo kikuu ni bahari ya vitabu, na karibu vitabu vyote vilikuwa vya maandishi ya wino. Kitabu kimoja kikiandikwa kwa nukta nundu hugeuka kuwa majuzuu kadhaa manene, na kukiandika ni kazi ya wiki nyingi.

Basi mwanafunzi alifanyaje? Alitafuta mtu wa kumsomea. Rafiki alisoma kwa sauti, naye akasikiliza na kuandika kwa Perkins, au akainasa sauti katika kinasa cha kanda. Rafiki akiwa na mtihani wake, kitabu kilibaki kimefungwa. Katika mitihani, mwanafunzi aliandika majibu kwa nukta nundu, lakini profesa hakuijua nukta nundu. Ilibidi mtu wa kati ayanukuu majibu yale kwa wino ndipo yasahihishwe. Akikosea kunukuu, alama za nani zilipotea? Bila shaka ni za mwanafunzi.

Mnaona basi, wasikilizaji. Mtu huyu alikuwa msomi, na hata hivyo alikuwa amerudi palepale pa yule mama aliyesomewa barua. Hakuwa na siri, wala hakika, wala wakati wake. Hapo ndipo kompyuta inapoingia katika historia yetu.

Mashine inayosema

Tangu zamani mashine za kuandika zimekuwa na undugu na wasioona. Mojawapo ya mashine za kwanza kabisa za kupiga chapa ilitengenezwa Italia karibu na mwaka 1808 na Pellegrino Turri, kwa ajili ya mwanamke asiyeona, Carolina Fantoni. Mama huyo alitaka kuandika barua zake peke yake, asimtamkie mtu mwingine maneno ya moyo wake. Mashine yenyewe imepotea, lakini baadhi ya barua zake zimehifadhiwa mpaka leo.

Mwaka 1976 Mmarekani Raymond Kurzweil alionyesha mashine iliyokitazama kitabu cha kawaida na kukisoma kwa sauti. Ilikuwa kubwa na ghali sana, lakini ilithibitisha ya kuwa jambo hili linawezekana. Kisha akaja Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano. Mwaka 1978 alipoteza macho katika ajali ya gari. Akajifunza kazi ya kutunga programu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, na mwaka 1989 programu yake iitwayo JAWS ikatoka. Kazi ya programu hiyo ni kuyasoma kwa sauti maneno yaliyo katika kioo cha kompyuta. Programu za namna hii huitwa visoma skrini.

JAWS ni nzuri, ila huuzwa, na bei yake ni kubwa kwa mwanafunzi wa kwetu. Mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye naye haoni, alianza kutengeneza kisoma skrini kingine kiitwacho NVDA, akiona si haki asiyeona alipe fedha nyingi ili atumie kompyuta ileile ambayo mwenzake anaitumia bila nyongeza. NVDA hutolewa bure. Mwanafunzi huweza kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe, hata kuibeba katika kifaa kidogo cha kuhifadhia na kuitumia katika kompyuta ya mtu mwingine. Hutumia sauti za namna nyingi, na mojawapo, iitwayo eSpeak, inajua kusema Kiswahili. Sauti yake ni kavu kidogo kama ya chuma, lakini "ng'ombe" huitamka "ng'ombe".

Mtaona ya kuwa Braille, Henter na Curran wote walikuwa wasioona. Kila mmoja alianza na shida iliyomkaba mwenyewe.

Vidole na masikio

Sasa tujibu lile swali la mwanzo: mwanafunzi asiyeona hujifunzaje kompyuta?

Chukueni simu ndogo ya vitufe. Fumbeni macho, mkaguse kitufe cha namba 5. Mnasikia kidoleni alama ndogo iliyoinuka? Hiyo haikuwekwa kwa urembo. Ukiijua namba 5 ilipo, unazijua namba zote zilizoizunguka. Kompyuta nayo ina ubao wa vitufe, uitwao kibodi. Juu ya herufi F na herufi J ziko alama kama hiyo. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hukaa juu ya F, na cha mkono wa kulia juu ya J. Vidole vingine hujipanga kando yake, na kila kimoja hupewa herufi zake. Somo la kwanza basi ni hilo: vidole vijue nyumba yao. Mwanafunzi hurudia siku baada ya siku mpaka mkono uende wenyewe, kama mshonaji asiyetazama tena mguu wake kwenye cherehani. Kila anapobonyeza herufi, kisoma skrini humtajia, naye hujisahihisha palepale.

Somo la pili ni kuzunguka bila kipanya. Kipanya ni kile kifaa cha mkononi kinachosogeza mshale katika kioo. Asiyeona hakihitaji. Hutumia vitufe vya mishale, na kitufe cha Tab kinachomrusha kutoka jambo moja hadi jingine. Kwa kitufe kimoja cha NVDA huweza kuruka kutoka kichwa cha habari hadi kichwa cha habari kingine katika ukurasa wa intaneti, kama vile ninyi mnavyopekua gazeti mkitafuta habari mnayoitaka.

Somo la tatu ni la masikio. Mwanzoni sauti huwekwa iende polepole. Baada ya miezi huongezwa kasi, hata mgeni akisikia hufikiri ni kelele tu, lakini mwenyewe anaelewa kila neno. Darasani huvaa vipokea sauti, tena mara nyingi huacha sikio moja wazi ili amsikie mwalimu.

Somo la nne ni majedwali, yaani kurasa za hesabu zenye mistari na safu. Hapo wengi hukwama, wanaoona na wasioona. Lakini Mmatengo angelielewa haraka. Fikirini shamba la ngolo. Mnalaza majani kwa miraba juu ya mteremko, mnayafunika kwa udongo, na mashimo yanabaki kwa mistari, hili chini ya lile. Ukimwambia mkeo, "Mkuki wangu nimeuacha shimo la tatu, mstari wa tano," atakwenda moja kwa moja, hata usiku. Jedwali la kompyuta liko hivyohivyo. Kila shimo lina anwani yake, na kisoma skrini humtajia mwanafunzi anwani hiyo pamoja na kilichomo. Hahitaji kuliona shamba zima. Yampasa akumbuke mistari yake.

Akishayajua hayo, mwanafunzi huandika insha yake mwenyewe, huisikiliza, huisahihisha na kumpelekea profesa. Profesa huisoma kama ya mtu mwingine yeyote, bila mtu wa kati. Hizo hasara tatu tulizozitaja zimepungua sana: siri anayo, hakika anayo, na usiku wa manane akitaka kusoma hamwamshi mtu.

Mambo yaliyobaki magumu

Tusidanganyane, safari haijaisha. Kitabu kikipigwa picha na kuwekwa katika kompyuta, kisoma skrini hukuta picha tu, nacho hunyamaza mpaka programu nyingine iyatambue maandishi yaliyomo. Ramani, michoro na hesabu za kisayansi ni taabu bado. Umeme ukikatika, mashine hulala.

Tena kuna hatari nyingine. Baadhi ya watu husema, "Kwa kuwa kompyuta inasema, nukta nundu haina kazi tena." Hilo si kweli. Anayesikia tu hajui neno limeandikwaje. Atasikia "thamani" asijue kama ni th au dh. Vidole vyake vikilipitia neno hilo kwa nukta, huliona umbo lake. Asiyeona ambaye pia hasikii, yeye hana njia nyingine. Vipo vifaa vya kompyuta vinavyoinua nukta chini ya vidole, lakini ni ghali mno. Kwa hiyo kompyuta na nukta nundu ni kama kasia mbili za mtumbwi. Ukipiga kasia upande mmoja tu, utazunguka palepale.

Na ugumu ulio mkubwa kuliko yote ni kuchelewa. Mwanafunzi akiigusa kibodi mara ya kwanza akiwa chuo kikuu, hujifunza herufi F iko wapi wakati wenzake wanaandika kazi za mwaka. Anabeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Huko Thika, Kenya, tangu mwaka 2009 shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika, limewafundisha kompyuta wanafunzi wasioona wa shule ya msingi. Huo ndio mfano mwema: kompyuta ianze mapema, pamoja na nukta nundu.

Kazi yetu

Sheria zipo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana huko Marrakesh, nchini Moroko, kwamba vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu au vya sauti kwa ajili ya wasioona pasipo kuzuiwa na haki ya mwandishi. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2020. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mjini Songea, na kimewahi kuendesha mafunzo ya kompyuta kwa wanafunzi wasioona.

Lakini sheria haiingii uani kumtoa mtoto. Kazi hiyo ni ya jirani, ya mjomba, ya shangazi, yaani ni yako wewe unayenisikiliza. Labda mmoja wenu atasema, "Watoto wetu wanaoona hawajapata kompyuta, mbona tuanze na asiyeona?" Ndugu yangu, mtoto anayeona akikosa kompyuta bado ana daftari, ana gazeti, ana ubao wa darasani. Asiyeona akikosa nukta nundu na kompyuta, hubaki na hisani ya msomaji peke yake. Wewe umekuja darasani ukiwa mtu mzima kwa sababu hukutaka kuishi kwa hisani hiyo. Yeye naye hataki.

Basi ikiwa kijijini kwako yuko mtoto asiyeona, fanyeni mambo matatu. Kwanza, mpelekeni hospitali apimwe macho, maana huenda yanatibika. Pili, kama hayatibiki, nendeni kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu wa kata, mkaulize shule yenye walimu wa nukta nundu. Msingoje afike miaka 12. Aende wakati wenzake wanakwenda. Tatu, nyumbani apewe kazi na kuzungumza na watu kama wenzake. Mtoto aliyezoea kuukuta mlango kwa mkono wake mwenyewe ataizoea na kibodi.

Hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Someni tena nakala hii polepole, kila mtu aya moja, kisha mjibu maswali yafuatayo pamoja.

Maswali ya kikundi

1. Taja hasara tatu za mtu anayesomewa. Je, wewe umewahi kupata ipi?
2. Louis Braille alizipunguza nukta kutoka 12 zikawa 6. Kwa nini jambo hilo lilisaidia?
3. Andikeni neno "baba" kwa punje za mahindi. Mwenzako afumbe macho, alisome.
4. Kwa nini kibodi ina alama iliyoinuka juu ya F na J?
5. Mtu akisema ya kuwa kompyuta imeifuta nukta nundu, mtamjibu nini?
6. Je, kijijini kwenu yuko mtoto asiyeona ambaye hajaanza shule? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na siku gani?